Kamera Mbili na Baraza la Bi Lamis

Bramwel hakununua kamera za gari kwa sababu ya wezi. Kwa watu alisema ni wezi, na bima, na madereva wa tuk-tuk wasiojua kulia wala kushoto. Lakini sababu yenyewe hasa, ile aliyoifungia moyoni, ilikuwa mkewe. Nanjala alikuwa amepata leseni akiwa na miaka hamsini na ushei, mwalimu mzima, mama wa watu, na tangu siku hiyo gari lao dogo jeupe halikuwa la Bramwel peke yake tena. Alilitumia kwenda shule, kwenda kwaya, kwenda sokoni, na kila siku alilirudisha salama. Basi ukidhani mume alifurahi, humjui Bramwel.

Akaenda dukani kwa Zoher, karibu na Biashara Street. Zoher ni muuzaji wa vyombo vya umeme asiyekuuzia kitu mpaka akuulize maswali kama daktari.

"Wataka ya mbele tu, au mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma."

"Gari lalala juani?"

"Bwana Zoher, Mombasa hii kuna gari lisilolala juani?"

Zoher akacheka, akairudisha rafuni ile ya bei nafuu. Hiyo ina betri ndani, akasema, na betri kwa joto letu huvimba kama andazi. Chukua hii isiyo na betri. Usidanganywe na picha kubwa, tazama kama nambari ya gari la mbele yasomeka hata gizani. Na kadi ya kuhifadhia picha nunua ile ya kuvumilia, maana kazi yake ni kuandika na kufuta mchana kutwa.

"Kadi hii haijai," akaendelea. "Ikifika mwisho hufuta ya zamani, ikaandika mpya. Ila gari likigongwa, au likigonga, kipande kile hukifungia. Hicho hakifutiki mpaka ukifute kwa mkono wako mwenyewe. Na sauti je? Wengi huizima. Ndani ya gari mna maneno ya watu."

"Iache. Mimi sina la kuficha."

Haya! Mtu asiye na la kuficha. Wahenga walisema nyani haoni kundule, lakini Bramwel aliwapita wahenga: alikwenda kununua kamera ya kulitazamia la mwenzake.

Fundi akapitisha nyaya juu ya dari ya gari, kamera moja ikakaa nyuma ya kioo cha mbele, ya pili kwenye kioo cha nyuma. Wiki nzima Ganjoni, mtaani kwao, hapakulalika. Kila jirani wa jumba walimoishi alielezwa habari ya kadi isiyojaa. Kioko, mwenzake wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, aliisikia hadithi hiyo mpaka akaikariri. Jioni Bramwel hukaa kochini na simu yake, akitazama mkewe alivyoendesha mchana. Alikuwa akitafuta kosa, na kosa halikuonekana. Alichokiona ni kwamba Nanjala, kila akitaka kurudi rivasi, hushuka kwanza, huzunguka nyuma ya gari akatazama, kisha hupanda akarudi taratibu. Basi Bramwel akaligeuza hilo likawa ndilo kosa.

"Unashukashuka kama askari wa barabarani. Dereva hutazama kioo, Mama Naomi."

"Kioo hakionyeshi mtoto aliyechutama chini, Baba Naomi," Nanjala akajibu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Jumamosi moja Nanjala alikwenda Mji wa Kale kwa fundi cherehani kuchukua sare za kwaya. Aliporudi, Bramwel alishuka kulizunguka gari, kama desturi yake. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imepasuka, na bampa lina mkwaruzo wenye weupe wa chokaa. Alisimama pale akashika kiuno. Ningependa kukwambia kwamba alihuzunika, lakini nitakuwa nimesema uongo. Alifurahi. Wala hakumwambia mkewe kitu jioni ile. Neno lake alilihifadhi, kama mtu anavyohifadhi nyama ya wageni, kwa sababu kesho yake wageni walikuwa wanakuja.

Wageni wenyewe ni kaka yake mkubwa, Joab, mstaafu wa reli, na Loise mkewe. Nanjala alikuwa amepika kuku na ugali na mboga za kienyeji. Walipokuwa katikati ya kula, Bramwel akajifuta mkono.

"Kaka, si nilikwambia? Gari limekwisha gongwa. Mama Naomi jana kaenda nalo Mji wa Kale, karudi na taa imepasuka, na hakusema neno."

Joab akacheka kicheko chake kikubwa. "Shemeji, hizo njia za Mji wa Kale ni za punda na mikokoteni. Ungempa mumeo usukani."

Loise akatazama sahani yake. Nanjala hakujitetea. Alimtazama mumewe, si kwa hasira, bali kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekwisha kuandika jibu lakini bado ana nafasi ya kulisahihisha.

"Una hakika ni mimi?" akauliza.

"Nani mwingine? Paka?"

"Basi nenda katazame. Kamera si ipo?"

"Nitatazama, na nitawaletea hapa hapa mezani mjionee. Na mpaka utakapojua kurudi rivasi, ufunguo ukae kwangu."

Nanjala akaufungua ufunguo kutoka kwenye mnyororo wake, akauweka mezani kando ya chumvi. Bramwel akauchukua, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Garini mlikuwa na joto la tanuri. Akawasha, akaiunganisha simu na kamera, akafungua picha za Jumamosi. Akamwona mkewe akiingia Mji wa Kale polepole, akiwapisha watembea kwa miguu, akiegesha pale njia ilipo pana. Akamwona akishuka kutazama nyuma. Akamwona akirudi nyumbani. Hakugonga hata jani.

Lakini kulikuwa na kipande kimoja kilichofungiwa, na tarehe yake ilikuwa ya Alhamisi. Alhamisi gari alikuwa nalo Bramwel. Alikuwa amepeleka karatasi za mteja Mji wa Kale, akakata njia asiyoijua, ikamfikisha mahali pasipopitika, akalazimika kurudi rivasi ili ageuze gari. Akabonyeza. Kwanza ikaja sauti yake mwenyewe, akizungumza na Kioko kwenye simu huku akiendesha.

"Ndugu yangu, Mama Naomi akirudi rivasi, paka wote wanapanda ukutani!"

Kikafuata kicheko. Katikati ya kicheko, kishindo. Kamera ya nyuma ikaonyesha baraza la mawe la nyumba ya watu, lile la kukaa nje ya mlango, likimegeka pembe na vumbi la chokaa likiruka. Sauti yake ikasema, "Aa, jiwe tu hilo." Gari likaanza kwenda mbele. Na nyuma, mlangoni, akatoka bibi mmoja wa buibui, ameinua mkono kumsimamisha, mkono ukabaki juu mpaka gari likapinda kona.

Bramwel aliitazama mara ya pili. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya soksi. Alikumbuka sasa kwamba kishindo alikisikia siku ile. Alikumbuka pia kwamba kuna kitu cheusi alikiona kwenye kioo, na hakutaka kukijua. Kumbe mtu anaweza kulisahau jambo kwa makusudi, tena akalisahau vizuri kabisa. Aibu ilimpanda, akajiona mdogo, mdogo asiyestahili hata kuketi kwenye kiti kile. Juu walikuwa wanamngoja. Angepanda aseme, mambo yangeisha kwa kicheko kimoja cha Joab.

Kicheko hicho ndicho alichokiogopa. Akakifuta kile kipande. Akakifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Kadi ilijaa," akasema alipoingia. "Haikurekodi kitu."

"Si ulituambia kadi hii haijai?" Joab akauliza, bila ubaya wowote.

"Basi imeharibika. Vitu vya siku hizi."

Loise akaomba apewe maji. Nanjala akamtazama mumewe mara moja tu, kisha akainuka akaenda jikoni kuandaa chai, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa Bramwel.

Wiki ile Nanjala alikwenda shule kwa tuk-tuk, mikono imejaa madaftari. Bramwel alimwambia apande amfikishe. "Asante, Baba Naomi, usijisumbue," akajibiwa, kwa adabu timamu. Adabu ile ilimchoma. Angetukanwa angepumua. Chakula kilipikwa, nguo zilifuliwa, salamu zilijibiwa, na yeye akawa anaishi mle ndani kama mgeni aliyepitisha siku zake. Akawaza: nikimlipa yule bibi baraza lake, jambo litakuwa limekwisha, na hakuna haja ya mtu kujua. Hata toba yake aliitaka ya siri.

Ijumaa alasiri akatoka ofisini mapema, akaenda kwa miguu. Njia aliitambua. Baraza pia alilitambua, lakini pembe yake haikuwa imemegeka: ilikuwa imejengwa upya, chokaa bado nyeupe kuliko ukuta. Na yule bibi alikuwa ameketi juu yake akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, baba. Wamtafuta nani?"

Maneno aliyokuwa ameyapanga Bramwel tangu ofisini yakamtoroka yote.

"Mimi ndiye niliyegonga baraza lako wiki iliyopita. Nimekuja nikutafutie mwashi, lakini naona…"

"Ahaa!" Bi Lamis, maana ndilo jina la mwenye nyumba, akaweka ungo chini, akamtazama vizuri. "Ndiwe wewe. Karibu ukae. Kaa, halikuumi, limekwisha kutengenezwa. Mkeo kalishughulikia."

"Mke wangu?"

"Mwalimu. Jumamosi alikuja kwa fundi cherehani. Mimi gari nikaliona limeegeshwa, nikalijua, nikamngoja arudi, nikamwambia gari hili ndilo lililonivunjia baraza langu, na dereva alikuwa mwanamume. Akainama akatazama ile taa, akasema kumbe ndipo ilipovunjikia, akashika kichwa. Masikini! Aliniomba radhi mpaka mimi ndiye nikaona haya. Jumatatu mwashi huyo mlangoni."

Kwa hiyo Jumapili, mezani, Nanjala alijua. Alipouweka ufunguo kando ya chumvi, alijua. Bramwel aliketi pale barazani na masikio yakimlia.

"Alisema nini juu yangu?" akauliza.

"Alisema, 'Ni mume wangu, Bi. Hakuona. Angeona, angeshuka.'" Bi Lamis akauchukua ungo wake tena. "Mimi nalikuona ulivyoondoka, baba. Lakini nikanyamaza. Mwanamke akimsitiri mumewe, mimi ni nani nimfunue? Mshukuru Mungu. Si kila mtu ana wa kumsitiri."

Hakumfokea. Tena akamletea kahawa na kipande cha halua, na Bramwel akala halua ile na machozi yakimlenga, kwa sababu kuikataa kungekuwa aibu juu ya aibu. Mkewe alikuwa amemfunika mbele ya mtu asiyemjua hata jina. Yeye alikuwa amemvua mkewe nguo mbele ya shemeji yake, tena mezani, juu ya kuku aliyempika kwa mikono yake.

Akiwa njiani kurudi akampigia simu Joab, akamwalika chakula cha Jumapili, yeye na Loise.

Jumapili ilipofika, hakungoja hata watu wanawe mikono.

"Kaka, shemeji Loise, kuna jambo. Taa ile niliivunja mimi. Alhamisi, nikiwa Mji wa Kale. Niligonga baraza la watu nikaenda zangu. Mama Naomi hakugusa kitu. Ni yeye aliyekwenda kuomba radhi na kulitengeneza."

Joab akafungua mdomo acheke, kicheko kikamfia mdomoni alipouona uso wa mdogo wake. "Basi," akasema, "makosa hutokea, Bramwel. Yamekwisha."

Bramwel akashusha pumzi. Akautoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea mkewe.

Nanjala hakuupokea.

"Na kadi?" akauliza.

Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza kama chumvi imetosha. Joab akawatazama mmoja mmoja. Mkono wa Bramwel ukabaki umenyooka na ufunguo ndani yake. Hili hakuwa amelipanga. Alikuwa ametubu nusu, akadhani nusu ile itatosha, kwa kuwa ile nyingine hakuna aliyeiona.

"Haikujaa," akasema. "Niliona kila kitu, nikafuta. Nikapanda juu, nikawadanganya. Nikakuacha na kosa langu, nikakaa nikamaliza kuku."

Hakuna aliyesema makosa hutokea.

"Mimi taa sikuijali," Nanjala akasema. "Wala baraza. Nilikaa hapa nikisikiliza miguu yako kwenye ngazi, nikasema moyoni, sasa anakuja kusema. Ukaingia ukasema kadi imejaa. Nimelala na neno hilo wiki nzima."

"Nisamehe, Nanjala."

Akauchukua ufunguo mkononi mwake, akaurudisha kwenye mnyororo wake bila haraka.

"Nimekusikia," akasema.

Hakusema nimekusamehe, na Bramwel hakuwa na uso wa kumwomba aseme.