Jikoni kwa Dada

Fundi huyu hakuweza kutengeneza kitu kimoja mara mbili. Ukimwagiza viti sita vinavyofanana, utapata viti sita vya ukoo mmoja, lakini kila kimoja na sura yake, na ukilalamika atakueleza mpaka wewe ndiye umwombe radhi. Nyumbani walimwita Kiguu na Njia, kwa jinsi asivyotulia. Alinunua miti iliyong'olewa na upepo, akaipasua, akaianika karakanani mpaka ikakauka hadi kiini, kisha akaiunga kwa ulimi na tundu na kuikaza kwa kabari, bila msumari hata mmoja. Kitu cha mbao nzima, alisema, kinafunguliwa, kinarekebishwa, kinarithiwa. Hapo, tumpe haki yake, alikuwa anasema kweli.

Dada yake ndiye aliyemlea. Sasa macho yalikuwa yanamzimikia dada huyo, amebakiwa na mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Aliishi peke yake na hakutaka vingine. Shida ilikuwa makabati yake ya jikoni. Yalikuwa ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, yakavimba kwa maji, na siku moja mlango ukamwangukia mguuni. Kaka yao mkubwa alipoliona lile jeraha akakata shauri. Fundi atengeneze jiko jipya, na Jumapili inayofuata yeye atakuja kunywa chai. Dada akiipika mwenyewe, atabaki. Akishindwa, atafungasha akaishi kwa kaka.

"Kwa Kaka nitawekwa kwenye kochi niwe naulizwa kama nimekula," dada alimwambia fundi. "Nitengenezee kama lilivyokuwa, mdogo wangu. Kama lilivyokuwa."

"Usiwe na wasiwasi, Dada."

Akaenda karakanani, na huko mikono ikaanza kumwasha. Kama lilivyokuwa? Jiko lile lilipangwa na mtu asiyewahi kuchemsha hata maji. Sinki huku, meko kule, droo ya vijiko nyuma ya mlango. Akasema atasogeza kitu kimoja tu. Kimoja kikavuta cha pili, cha pili kikadai cha tatu. Vijiko vikasogea karibu na meko, vikombe vikashuka usawa wa kifua, meko yenyewe yakahamia dirishani. Halikuwahi kutoka jiko zuri namna ile mikononi mwake, na alilijua hilo, na kichwa kilimvimba.

Jumatano akaenda kulifunga kwa dada. Dada akaingia, akapitisha kiganja juu ya meza, akazinusa mbao, akatabasamu. Kisha akataka kijiko. Mkono wake ukaenda moja kwa moja bila kusita, ukashika hewa. Akaugeuzia kwenye vikombe, vidole vikagonga ukuta.

"Vimeenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi akamshika mkono amfundishe. Hapa vijiko, hapa vikombe. "Nimeelewa," dada alisema, na mkono ukarudi kulekule kwa zamani. Ndipo fundi alipoona alichokifanya. Dada yake alikuwa ameacha siku nyingi kuona jikoni humo kwa macho. Mikono ndiyo iliyokuwa ikiona, na yeye ameipofusha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akachukua nyundo ya mbao, akazigonga kabari moja baada ya nyingine, na jiko lote likafunguka vipande vipande. Chumba kilipobaki kitupu akamwambia, "Pika chai, Dada. Ya uongo."

Dada akacheka, lakini akapika. Alifungua milango isiyokuwepo, akachota sukari isiyokuwepo, na fundi akamfuata nyuma na chaki, akiweka alama ukutani kila mkono uliposimama. Kisha akatengeneza kwa kufuata zile alama. Hakuboresha hata kimoja. Droo ya vijiko ilirudi nyuma ya mlango, mahali pa kipuuzi kabisa, na aliipachika huku anasaga meno.

Jumapili kaka akaja, akaketi karibu na mlango, mikono kifuani. Dada akaanza kazi. Kijiko, akakipata. Sukari, akaipata. Vikombe vikashuka mezani bila kugongana. Fundi aliambiwa asimame pembeni, na pembeni alisimama, ila miguu ilimcheza. Dada aliponyanyua birika la moto, roho ikamruka, akachupa ili amsaidie kidogo tu. Dada akageuka, akagongana naye. Chai ikamwagikia shati la fundi, kikombe kikaanguka kikavunjika.

Kaka akashusha pumzi, akasimama. "Basi, dada. Umejaribu. Kafungashe."

Fundi alitaka ardhi ipasuke immeze. Dada akalitua birika mezani, akanyoosha mkono, akapapasa lile shati lililolowa.

"Umeungua?"

"Kidogo."

"Afadhali." Akamgeukia kaka. "Humu ndani kila kitu kiko mahali pake, Kaka. Kasoro huyu. Kama ni lazima uondoke na mtu leo, ondoka naye yeye."

Kaka akamtazama dada, akamtazama fundi anayechuruzika chai, akarudi kuketi.

"Nimiminie iliyobaki," alisema. "Na wewe, fundi, kavae viatu. Tunaondoka mimi na wewe."