Nusu Chupa ya Dorkas

Siku ile mjinga alikuwa Alfonce, na alikiri kabla hajaulizwa.

Alikuwa fundi wa maabara pale Musoma, miaka ile ambayo kipande cha sabuni kilikuwa zawadi ya harusi. Mezani kwake palikuwa na chupa ya majimaji yaliyochujwa kutoka kwenye uvimbe wa tumbo wa Dorkas, mwenye hoteli ya nyama kule Butiama. Humo mlikuwa na protini iliyovaa sukari, alama ya uvimbe wenyewe. Kazi ilikuwa kuikatakata, kisha kutafuta kipande ambacho kinga ya damu ya sungura aliyechanjwa kwa protini hiyo bado inakitambua. Ikikitambua, mstari mweupe hujichora kwenye jeli. Kikipatikana, damu ya Dorkas ingeweza kupimwa kama uvimbe umerudi, bila kumpasua tena.

Dawa ya kukatia ilitoka ng'ambo, na dola hazikuwepo. Dorkas ndiye aliyesema, "Tumia utomvu wa papai bichi, mwanangu. Lakini usizidishe nusu saa."

Alfonce akaona nusu saa ni ya jikoni. Sayansi aliipa siku nzima, na nusu ya chupa. Alipomimina kwenye jeli, haukutokea mstari wala kivuli cha mstari. Utomvu ulikuwa umetafuna mpaka alama.

Daktari Machage, mkuu wake, hata hakuuliza muda. "Papai? Watu wanatucheka, Alfonce. Nusu iliyobaki inapanda ndege kesho kwenda maabara ya ng'ambo."

"Ikienda itarudi na majibu yangu?" Dorkas aliuliza kutoka kwenye benchi, mkono juu ya mshono.

"Mama, hayo ni mambo ya utafiti."

"Chupa ya mwanzo mliipeleka mwaka juzi. Nimekuwaga nauliza kila nikija kliniki, mnaniambia subiri."

"Kosa ni langu, Daktari," Alfonce alisema. "Mama alinipa nusu saa. Niachie hii nusu nirudie."

"Urudie nini? Ushamba? Protini haikatwi kwa miti ya uani. Inataka kimeng'enya safi, na kimeng'enya kinataka dola."

Dorkas akainuka polepole, akaichukua chupa mezani, akamkabidhi Alfonce.

"Daktari, miaka sita unakulaga kwangu ng'ombe mzee aliyechoka na jembe, na hata siku moja hujalalamika jino. Ulidhani namlainishaga kwa dola?"