Mfasiri wa Sinema ya Gari

Kabla vidio hazijaingia Garsen, sinema ilikuja kwa gari. Mara mbili kwa mwaka lile gari la matangazo ya sabuni lilisimama uwanjani, shuka nyeupe ikatundikwa, na Wapokomo wa Golbanti na Idsowe wakajaa mbele. Waorma, wasiokuja kabla ya kufunga ng'ombe, walikuta hakuna nafasi, wakaketi nyuma ya shuka, picha ikiwajia kinyume. Miaka nenda miaka rudi waliamini Wazungu wote hutumia mkono wa kushoto. Nani awasahihishe, na raha yote ile?

Sauti ya sinema hiyo ilikuwa Komora. Alisimama kando ya shuka na kipaza sauti, akifasiri kwa Kipokomo, kisha kwa Kiorma, mpaka vikongwe wakalia. Watu walisema Komora amesoma. Amesoma wapi! Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Dereva ndiye aliyemsimulia hadithi nzima alasiri wakinywa chai, naye akaitia chumvi yake. Siri hiyo hakumwambia mtu, hata Dukicha, rafiki yake wa upande wa pili wa shuka.

Gari likaacha kuja. Ikaja mvua ya Elinino, mafuriko yakammaliza Dukicha ng'ombe wote, na mwaka uliofuata macho yake nayo yakapofuka. Akawa anashinda barazani kwa Komora, hali, hasemi. Komora alimwona rafiki yake akiisha.

"Komora," Dukicha alisema asubuhi moja, "mimi nataka sinema. Wewe sema, mimi taona."

Komora nusura acheze kwa furaha. Adhuhuri alimshika mkono wakaenda kwa Mwaro, kwenye banda la mabati lenye televisheni na jenereta. Vijana walikuwa wamejibanza gizani, kila mmoja na miraa yake, hakuna anayemsemesha mwenzake. Sinema gani hii, Komora alijiuliza, inayoenea ndani ya sanduku?

Akaanza kwa sauti ya zamani. "Tulia, Dukicha! Mtu mmoja anakuja..."

"Buda, nyamaza bwana!" sauti ilimfokea mzee kutoka gizani.

"Mwacheni aseme," Mwaro alikemea. "Baba alikuwa akimsifu sana." Akapunguza sauti ya televisheni. Banda zima likamgeukia Komora.

Mtu wa koti alikimbia. Gari likalipuka. Mwanamke akalia, halafu mtu mwingine wa koti, au ni yule yule, akapiga simu. Kabla Komora hajapepesa jicho picha zilikuwa zimebadilika mara tatu.

"Sema," Dukicha alisihi, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

"Huyu... huyu amekasirika."

"Kwa nini?"

Komora alilikodolea macho sanduku; safari hii hapakuwa na dereva wa kumsimulia kwanza.

"Kumbe mzee hajui Kizungu!" kijana mmoja akasema, na banda likaangua kicheko.

"Jenereta imezima, Dukicha," Komora alisema haraka. "Twende."

Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya mgongo wao. Dukicha alisikiliza, kisha akainuka bila ubishi. Nje, kwenye jua, alisimama.

"Komora. Na zile za zamani? Zile pia ulikuwa hujui?"

Komora alitafuta la kusema kwa Kiorma, kwa Kipokomo, kwa Kiswahili. Dukicha akautoa mkono wake mkononi mwa rafiki yake, akaondoka peke yake akipapasa mabati.