Vigae Sita Chini ya Sufuria

1.
Mzazi mwenzangu, mwanao akileta vitu vya chuo nyumbani, usi

Ngoja. Nianze na sufuria.

2.
Kwetu, mikate ya mahindi mabichi tunaipika kwa mvuke. Chini, kwenye maji, tunatia vipande vya sahani iliyovunjika. Vinagongagonga. Vikinyamaza, maji yamekauka.

Siku ya kipaimara cha mjukuu vipande vyangu sikuviona. Mezani kulikuwa na kopo la binti yangu Atupele. Ndani, vigae vyeupe kumi na viwili, kama vifungo vya koti.

Nikachukua sita.

Kutwa nzima vilicheza kwenye mvuke. Jioni nikavifuta kwa kanga, nikavirudisha.

3.
Na alikuwa ameshanieleza!

— Mama, hii ni zirkonia, aina ya kauri. Joto na mvuke vinaipanga upya, taratibu, inaanzia usoni. Ndani inachelewa.
— Utajuaje, na rangi ni ileile?
— Naimulika. Mwanga unaorudi unasema. Mmoja unasoma uso, mwingine unafika ndani.
— Mwanga unasema! Haya, mwalimu, kamenye vitunguu.

4.
YAH: TUHUMA YA KUBUNI MATOKEO
Ndugu Atupele Mwakajila,
Vigae sita ambavyo kwa maelezo yako havijapata joto wala mvuke vimeonekana kubadilika usoni, huku ndani vikiwa vilevile. Unatakiwa kujieleza mbele ya Kamati, Alhamisi, saa nne asubuhi. Ukishindwa, utafutwa masomo.

5.
— Mama, kuna mtu aligusa kopo langu?

Wakwe zangu walikuwa wamekaa sebuleni, wanasikia.

— Nani aguse vitu vya chuo, mwanangu?

Ndivyo nilivyosema.
Mimi.

6.
(Hapa niliandika sababu. Nimezifuta. Hazikuwa sababu.)

7.
Mazoezi ya kwaya, benchi la nyuma:
— Mtoto wa Mama Atupele kapika matokeo, umesikia?
— Na hakuyaivisha! Usoni yameiva, ndani mabichi!

Wakacheka. Waliponiona wakaacha.
Nilicheka mimi, ili waendelee.

8.
Vitu ambavyo Atupele ameacha kufanya:
kula mchana
kuimba akifua
kuniambia "mama, njoo uone"

9.
Wewe unayesoma, nimeishia darasa la saba, sikupi elimu. Nakuonya. Usiguse. Ukigusa, sema siku hiyohiyo, wakwe wawepo wasiwepo. Kesho yake mdomo ni mzito. Siku ya kumi na tisa

10.
Alhamisi. Korido ya chuo. Atupele yuko ndani. Alinikuta hapa asubuhi, akadhani nimekuja kumwombea.

— Asante, mama, akasema.

Mkobani nina sufuria. Nimeifunga kanga, wanaopita wasiione.

Nyuma ya mlango sauti ya mwanaume inauliza, inauliza tena. Sauti ya mwanangu inajibu. Inajibu kidogo. Kisha

imenyamaza.

Nimefungua kanga. Nimesimama na sufuria mkononi, watu wananitazama. Nimebisha.

— Nani?