Bei ya Kuita Watu

Bei ya kwanza ya nyumba ilikuwa milioni mia na hamsini, na mwezi mzima hakuna aliyebisha hodi. Dalali akamwambia Bi Mgomo kwamba kwa bei hiyo atawauzia malaika labda. Bi Mgomo alicheka. Hakuwa amecheka na mtu uso kwa uso tangu wapangaji wa chumba cha uani wahame.

Jina hilo alilipata kiwandani, mwaka ule wafumaji walipoketi sakafuni siku kumi na moja kudai mshahara wao. Wakubwa wamesahau. Yeye anakumbuka mpaka jina la karani aliyewaandika waliokatwa malipo ya siku hizo. Kiwanda kilipofungwa walipewa kiinua mgongo ambacho hakikuinua hata kidole. Chake alikigeuza tofali. Msingi waliuchimba wenyewe, yeye na mumewe, kila jioni baada ya zamu. Sasa mume ni marehemu, mtoto wa pekee yuko mji mwingine, na kila Jumapili anapiga simu kusema lile lile: uza, mama, uje tukae wote, chumba kipo.

Basi akashusha hadi mia na ishirini, ili asionekane mkaidi. Jumamosi ile ile wakaja watu.

Alikuja mwalimu na mkewe, wakagonga kuta kwa vidole kama wanaochagua tikiti maji. Alikuja mwenye duka la dawa, akauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kisha akakaa saa nzima akimsema wifi yake. Bi Mgomo aliwatilia chai na kuwatembeza chumba kwa chumba. Sebuleni hapa, aliwaambia, tulikuwa tunakaa watu ishirini na wawili kupanga la kufanya, mlango umefungwa, redio imefunguliwa mpaka mwisho ili majirani wasisikie. Aliyeuliza habari za bati alipewa habari za mgomo. Walipoondoka, viti vilikuwa vimekaa ovyo, na yeye hakuvipanga mpaka kesho yake.

Akajifunza, kama alivyojifunza kila kitu maishani, bila mwalimu. Mia na thelathini, hawaji. Mia na tano, wanakuja wengi lakini yupo atakayetoa pesa. Mia na kumi na tano ndiyo bei ya kuita watu bila kuuza nyumba. Aliyeanza kukubali aliongezewa kumi, akaenda zake akinung'unika. Mwanawe aliambiwa soko ni gumu.

Dalali naye si mtoto wa jana. Siku moja aliweka kikombe chini.

"Bi mkubwa, wewe huuzi. Wewe unapokea wageni, na nauli ya kuwaleta natoa mimi."

"Kuuliza bei si kununua, mwanangu. Na kutaja bei si kuuza."

"Haya. Jumamosi nakuletea mtu mmoja tu. Huyu ukimzungusha, natoa kibao changu getini."

Mtu huyo alikuja na gari jeupe na hakuzima injini. Alitazama barabara ya lami iliyopita pale mwaka juzi, akapima kiwanja kwa hatua, pembe hadi pembe. Bi Mgomo alimkaribisha ndani. Akashukuru, akasema hana haja ya kuingia, nyumba yenyewe itavunjwa wiki ya kwanza. Anatafuta pa kuweka ghala.

"Bei gani, mama?"

"Mia na kumi na tano."

"Sawa."

Ulimi ukafanya ulichozoea. "Nimekosea. Mia na thelathini."

"Sawa."

"Mia na hamsini."

Mtu akatazama saa yake. "Sawa. Hati iko wapi?"

Dalali alikuwa ameshaanza kupiga hesabu za fungu lake, uso unang'aa. Bi Mgomo alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango. Miezi yote ile aliishika bei kama kamba, akiwavuta watu na kuwasukuma apendavyo. Huyu hata angetajiwa milioni elfu asingekanyaga sebuleni. Akamkumbuka meneja siku ya kufunga kiwanda, alivyoongea nao kupitia dirisha la gari, akakubali kila walichodai isipokuwa kazi.

"Haiuzwi," akasema.

"Mama, taja basi unachotaka."

"Nimeshakwambia."

Gari liliondoka. Dalali hakugombana naye, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alifungua waya, akatia kibao kwapani, akamwomba kwa heshima asimpigie tena simu.

Jumapili Bi Mgomo alimweleza mwanawe ukweli wote: bei zilivyopanda na kushuka, wageni, mtu wa ghala.

"Kwa hiyo huji, mama."

"Siji."

Mwanawe hakubisha. Aliuliza kama dawa za presha bado zipo, wakaagana.

Jumamosi iliyofuata alifagia ua, akafungua geti pande zote mbili, akaketi barazani tangu saa tatu asubuhi. Watu walipita. Wawili watatu walimwamkia huku wanatembea, akawaitikia, wakaendelea na safari zao. Saa kumi akainuka, akafunga upande mmoja wa geti, akangoja kidogo, kisha akafunga na wa pili.