Picha ya Kutangulia Jeneza

"Hapana, Adelina. Mama hatangulii jeneza lake huku anacheka," kaka Alois alirudia, akagonga meza yangu kwa funguo za gari. "Padri yupo, wazee wa kigango wapo, wakwe wapo. Na meno yenyewe ya mbele hana. Watu watasema watoto wake tumemdhihaki."

"Watu gani? Wataje."

"Wa kwanza ni mimi."

"Wewe umekuwa watu tangu lini?"

Mdogo wetu Pelagia alikuwa kwenye benchi la wateja, khanga kichwani, macho yamevimba. "Jamani, mama yuko mochwari anatusubiri," alisema. "Nyie mnabishana kama mnagawana paja la kuku."

Tulikuwa studioni kwangu, mtaa wa Cheyo hapa Tabora mjini, asubuhi ya kumchukua mama hospitali na kumpeleka Kaliua kumzika. Jeneza lilikuwa tayari. Basi dogo la waombolezaji lilikuwa nje, dereva hataki hata kulizima. Kilichokosekana ni picha. Kwetu picha ndiyo inayotangulia: mjukuu anaishika kifuani, mwingine anabeba msalaba, jeneza linafuata. Ndugu wa mbali ambao hawakumwona marehemu kwa miaka wanamwona pale kwa mara ya mwisho, kwa hiyo kila familia inataka picha isiyo na aibu. Nimewatengenezea watu picha hizo karibu maisha yangu yote ya kazi. Siku hiyo msiba ulikuwa wangu, na picha iliyokataliwa ilikuwa yangu pia.

Picha yenyewe ilikuwa ukutani nyuma ya Alois, ndani ya fremu kubwa, naye akiigeuzia mgongo makusudi. Mama ametoka kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, mikono myeusi kwa utomvu wa majani. Anacheka mdomo wazi, kichwa kimelalia bega. Alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa nimepiga goti nitafute pembe nzuri, goti likatua kwenye majivu yenye moto, nikaruka kama mbuzi. Mama akasema, "Diploma yako ya picha haikukufundisha kwamba moto unaunguza?" Nikabonyeza. Goti lina alama mpaka leo.

Ile ndiyo picha yangu bora. Sijivuni, nasema kama mtu anayejua kazi yake. Nilianza na picha za pasipoti, kitambaa cha buluu nyuma na taa moja, kaa wima, kidevu chini, imetoka, anayefuata. Baadaye harusi, kipaimara, mahafali. Kazi hizo zilisomesha watoto, na sizidharau. Ila mtu ukishika kamera muda mrefu unaanza kuona vitu ambavyo hukutumwa kuviona. Unamwona bibi harusi anavyomtazama shemeji yake. Unaona mwanga unavyoingia jikoni na kumkalia mtu shingoni. Ukishaviona huwezi kuviacha. Nikaanza kutoka mwishoni mwa juma kuelekea magharibi, Usoke, Urambo, Kaliua, ile njia ya zamani ya misafara, kuwapiga picha watu wanaoishi kandokando yake. Sikuwa namlipisha mtu. Nilitaka nione kama naweza kumpiga mtu akabaki yeye.

Miaka ya kwanza sikuweza. Watu waligeuka magogo mbele yangu. Nilijifunza kukaa, kunyamaza, kumenya karanga nao mpaka wanisahau. Nilijifunza kutotumia taa, na kutomwambia mtu asimame wapi. Polepole picha zikaanza kupumua.

Hakuna aliyezitaka. Waliopigwa wenyewe waliniambia, "Mama Martha, mbona hukunisafisha?" Aliwahi kuja bwana mmoja kutoka Dar, mwandaaji wa maonyesho, akakaa pale alipokaa Pelagia, akapekua picha zote. Akasema nina jicho. Halafu akaniuliza kama naweza kumpatia magofu, minyororo, na vijana waliobeba mizigo kichwani kama wapagazi wa zamani. Nilimwambia vijana wa Urambo siku hizi wanabeba mizigo kwa bodaboda. Akacheka kwa adabu, na sikumsikia tena.

Kwa hiyo picha ya mama ilibaki ukutani. Nilikuwa nimejiahidi jambo moja: siku mama akiondoka, ataondoka na ile. Angalau mara moja kazi yangu ya kweli isimame mbele ya watu, barabarani, mchana, watu wamevua kofia.

"Kitambulisho chake hiki hapa," Alois alisema, akaweka kadi ya taifa mezani. "Toa picha humu."

Niliichukua. Sura ilikuwa kivuli cha kijivu, ndogo kama ukucha. "Hii nikiikuza utapata ukungu," nikasema. "Utaomboleza ukungu?"

"Basi chukua uso wa ile ya ukutani umfunge mdomo. Si una kompyuta?"

"Kaka, yule ni mama. Alivyo pale ndivyo alivyokuwa."

"Alivyokuwa nyumbani," Alois akajibu. "Mbele za watu mama hakuwahi kutoka bila sare imepigwa pasi. Hata sokoni. Wewe ulimkuta kwenye bani na mikono michafu, ukambeba hivyo hivyo ukamtundika ukutani. Mimi nikiingia humu huwa natazama chini."

Nilimgeukia Pelagia, kwa sababu Pelagia tangu utoto huwa upande wangu.

Alivuta kamasi. "Picha ni nzuri, dada. Lakini nikiiona naanza kucheka. Leo sitaki kucheka."

Martha, binti yangu anayefanya kazi nami, alikuwa kwenye kompyuta. "Mama," alisema bila kugeuka, "nimeshafungua mwili wa WAWATA. Nimfanyie bibi?"

Hapa inabidi nieleze. Sisi wa studio tuna vitu tunaviita miili. Ni picha za nguo zilizovaliwa na mtu asiye na kichwa: suti na tai, joho la mahafali, kanzu na koti. Mteja akija na fulana, unakata kichwa chake unakipachika kwenye suti, anaondoka meneja. Marehemu ndio wanaovalishwa zaidi, maana hawawezi tena kurudi kupigwa upya. Akina mama wa Kikatoliki wanavalishwa sare ya WAWATA, umoja wao, kitenge na kitambaa cha kichwani, mikono imekunjwa mapajani. Mwili huo niliutengeneza mimi, zamani, picha za kompyuta zilipoanza kuingia Tabora. Nilitafuta mama wa parokia nimpige akiwa ameivaa, wote wakakataa. Nani atakubali kukatwa shingo, hata kwenye picha? Nikavaa sare yangu mwenyewe, nikatega kamera ijipige, nikakaa. Kisha nikajikata kichwa.

Mwili ulitoka vizuri. Mwenzangu mmoja akauomba, akampa mwingine. Leo hakuna studio mjini isiyo nao, na nimeuona mpaka Nzega, kwenye msiba huko Lusu, umebeba kichwa cha bibi nisiyemjua. Nimehudhuria mazishi mengi nikajiona natangulia jeneza na uso wa mtu mwingine. Katika yote niliyopiga, jasho na magoti ya kuungua, kitu pekee kilichotoka studioni kwangu kikasambaa nchi hii ya Unyamwezi ni kiwiliwili changu bila kichwa. Martha amekitumia miaka yote. Sikuwahi kumwambia ni cha nani.

"Mfanyie," Alois akamwamuru.

Martha alifanya. Alikata uso wa mama, akaupachika, akachukua midomo kutoka kwenye picha ya mtu mwingine, akabandika. Aliyetokea kwenye kompyuta alikuwa mwanamke wa kupishana naye barabarani ambaye hatujawahi kumsalimu.

"Huyu nani?" Pelagia akauliza.

"Mjomba kasema mdomo ufungwe," Martha akajitetea.

"Mdomo kaufunga," nikasema. "Macho bado yanacheka. Anaonekana kama mtu aliyebanwa na kicheko misani."

Nje dereva akapiga honi. Alois alikaa ghafla kwenye stuli ya kupigia pasipoti. Kaka yangu ni mtu mzima, ni katekista, na hajazoea kuomba. "Adelina," alisema, "mimi siijui kazi yako. Naomba tu nimzike mama yangu vizuri. Nisaidie."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningemjibu.

"Toka hapo," nikamwambia Martha, nikakaa.

Kumfunga mtu mdomo si kufunga mdomo. Mtu anapocheka anacheka mpaka masikio. Nilianza na mashavu, nikayashusha. Nikateremsha kope. Nikaondoa mikunjo ya pembeni mwa macho, si yote, maana ukiondoa yote unapata mdoli, niliacha ile ya uzee nikafuta ile ya furaha. Nilijua ipi ni ipi. Nilikuwa nimekaa na ule uso miaka, naujua kama njia ya kwenda chooni gizani. Midomo sikuiazima kwa mtu. Niliichora kutoka kwenye midomo yake mwenyewe, kipande kwa kipande, nikakumbuka anavyoifumba akisikiliza Injili. Kichwa nikakinyoosha kutoka begani. Mwanga wa jua la bani ulikuwa unatoka kushoto, ule wa mwili ulitoka mbele. Nikaufuta wa jua.

Kila nilichojifunza kilinisaidia. Kukaa, kunyamaza, kutazama mpaka mtu aonekane, vyote nilivitumia kumwondoa. Mgeni wa kazi angeacha alama, ungeona palipobandikwa. Mimi sikuacha. Nilipounganisha shingo na mabega havikugombana hata kidogo, rangi ile ile, unene ule ule, kama vilizaliwa pamoja. Niliwaza kwa utulivu kabisa kwamba sijawahi kufanya kazi safi kama hii, na kwamba kama huku ndiko nilikokuwa nakua miaka yote, bora ningebaki kwenye pasipoti.

Nikachapisha. Martha akaitia kwenye fremu mpya.

Alois aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akapiga ishara ya msalaba. "Sasa huyu ndiye mama," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu simu ya hospitali akalia. Akina mama wakashuka kwenye basi kuona. Wale wale walikuwa wamepita mbele ya picha ya ukutani asubuhi, wakaitazama kama wanavyotazama kalenda. Hii waliipokea kwa vilio. Mmoja alikaa chini sakafuni akaliita jina la mama, "Mektilda, Mektilda," kama anayemwita mtu ng'ambo ya shamba.

Pelagia alisogea karibu, akainama. "Mabega haya ni yako, dada," akasema taratibu. "Na mikono. Hiki si kidole chako kilichopinda?"

Martha akanigeukia, akaitazama mikono yangu, kisha picha.

"Damu ni moja," Alois alisema, akijifuta. "Ni vizuri tu. Haya, twendeni. Adelina, beba kamera. Nani atatupiga makaburini?"

Kamera ilikuwa palepale ilipo siku zote, imening'inia kwenye msumari kando ya mlango. Niliishusha. Niliiona safari nzima. Nitawapanga watoto na wajukuu nyuma ya jeneza, warefu nyuma, wafupi mbele. Nitamwambia mtu avue miwani. Kesho kutwa ndugu watakuja hapa kuchagua, huyu ang'arishwe, yule aondolewe jasho, shemeji aliyechelewa apachikwe, nami nitafanya, na nitafanya vizuri. Jumamosi inayofuata nitatoka tena kwenda barabara ya Urambo, kumenyea watu karanga, kutafuta sura ya kweli ya mtu ambaye siku akifa wanawe wataniletea niifute.

"Martha," nikasema. "Inama."

Aliinama. Nikamvisha mkanda wa kamera shingoni.

"Nipige mimi leo?"

"Leo na kesho. Yako. Wateja wako, studio yako."

"Mama, una uchungu. Tukirudi tutaongea."

"Tukirudi utakuwa na kazi za watu. Za Urambo nimeacha, za hapa nimeacha."

"Shughuli ya maisha yote hiyo, Adelina," Alois akaingilia. "Utafanya nini?"

"Nitalima tumbaku. Bani la mama lipo."

"Tumbaku yenyewe siku hizi hailipi."

"Najua."

Nilifungua fundo la khanga, nikatoa funguo za studio, nikazitia kwenye kiganja cha Martha na kukifunga. Kisha nikampokonya Alois fremu, kwa sababu barabarani angeitikisa, nikatoka, nikapanda basi. Pelagia alisogea akanipa nafasi dirishani. Niliweka picha mapajani, juu ya mikono yangu, nikamwambia dereva aondoe gari.