Mizinga Sita Isiyolishwa

Kasyoki alikuwa mtu wa maombi, na ndiyo sababu kosa lake lilimuuma zaidi: alilitenda baada ya kupiga magoti.

Alikuwa mhudumu katika maabara ya nyuki ya chuo kikuu kimoja huko Kitui. Aliosha chupa, akapima uzito wa mizinga kila Jumatatu, akaandika kwenye daftari. Alipoajiriwa hakujua darubini hutazamwa upande gani. Sasa alikuwa akisoma masomo ya jioni, na aliweza kumwona kupe mgongoni mwa nyuki na kumtaja kwa jina lake la kisayansi bila kujiuma ulimi.

Utafiti wa mwaka ule ulikuwa wa Yurub, binti kutoka Garissa aliyekuwa akisomea shahada ya pili. Swali lake halikuwa gumu: wakati wa kiangazi, maua yakiisha, je, kuwapa nyuki maji ya sukari kunawasaidia, au mfugaji anajisumbua bure? Mizinga kumi na miwili iliwekwa nyuma ya maabara, chini ya migunga. Sita ilipakwa rangi ya buluu, ikalishwa. Sita ilipakwa nyekundu, ikaachwa ijitegemee.

"Hii nyekundu ndiyo kioo chetu," Dakta Musyimi, mkuu wa maabara, alimwambia siku ya kwanza. "Bila hii hatutajua ile sukari imefanya nini. Usiiguse, Kasyoki. Hata ikikulilia."

Ikamlilia. Kufikia Agosti, nyuki wa mizinga nyekundu walitambaa mlangoni kama wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Walianza kuwatupa nje watoto wao, weupe, laini, kwa kuwa hawakuwa na cha kuwalisha. Kasyoki alilelewa Kanyangi na baba aliyetundika mizinga ya magogo, mtu ambaye hakurina asali yote hata siku moja. "Na wao wana nyumba," alizoea kusema. Kasyoki, binti yake, aliwazoa wale watoto wa nyuki kwa ufagio huku akiyakumbuka maneno hayo.

Jumapili moja mchungaji akahubiri juu ya mtu mwenye haki anayejali uhai wa mifugo yake. Kasyoki aliona ametajwa kwa jina. Kesho yake asubuhi, kabla ya wengine kufika, alipiga magoti katika stoo ya maabara. "Bwana, kama si mapenzi yako, nizuie," akasema.

Hakuna aliyemzuia. Akakoroga sukari, akajaza chupa sita, akazipindua kichwa chini juu ya mizinga nyekundu. Kila Jumatatu alipima kwanza, akalisha baadaye, na chupa akazitoa zikiwa zimekauka kabla mtu hajaziona. Alifanya hivyo wiki saba.

Matokeo yalipojumlishwa, buluu na nyekundu zilikuwa sawasawa. Yurub alirudia hesabu mara tatu, kisha akacheka. "Mama Kasyoki, nyuki wenu ni wagumu kama nyinyi! Kumbe hawataki kubembelezwa."

"Hata mimi nimeshangaa," alisema Kasyoki. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza wa mdomo. Alijiambia kwamba nyuki wamepona, sasa nani ameumia? Lakini tangu siku ile, kila alipotaka kuomba, maneno yalimkwama kama ugali mkavu.

Juni iliyofuata, redio ikatangaza kwamba kiangazi kitakuwa kikali. Wafugaji wa Makueni waliitwa Kikima, kwenye ukumbi wa kanisa, waelezwe matokeo. Kasyoki alikwenda na pikapu ya chuo pamoja na Yurub na Dakta Musyimi. Njiani Yurub alimwekea mapajani kitabu cha utafiti wake, kipya, bado kinanuka gundi.

"Fungua ukurasa wa shukrani. Soma kwa sauti."

Kasyoki alisoma: "Kwa Mama Kasyoki, aliyepima kwa uaminifu." Akakifunga polepole. Yurub alidhani ni machozi ya furaha.

Ukumbini, mfugaji mmoja aitwaye Munyao alisimama kabla hata hajaitwa. "Madam, mimi nina mizinga ishirini na bibi mmoja. Bibi anasema sukari ni ya chai. Mimi nasema ni ya nyuki. Leo nani ameshinda?"

"Ameshinda mama, mzee wangu," Yurub akajibu. "Achia chai sukari yake."

"Haki! Sasa nitaingia nyumbani kwa mlango gani?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Munyao aliketi, akatoa penseli, akaanza kuandika huku midomo ikitembea: *Usilishe*. Kasyoki alilitazama lile neno likikua herufi kwa herufi. Aliiona mizinga ishirini ikinyamaza mmoja mmoja. Akajikuta amesimama.

"Mzee, usiandike hivyo. Futa."

"Mama?" Yurub aligeuka.

"Ile nyekundu niliilisha. Wiki saba. Kila Jumatatu kabla hamjafika." Akamgeukia Yurub. "Niliwahurumia. Nikasema Mungu ameniruhusu, na hakuwa amesema kitu. Ni mimi niliyemtilia maneno kinywani."

Munyao alishikilia penseli hewani. "Sasa wewe mama," akasema taratibu, "ulihurumia sita, ukataka kuua zetu zote?"

Dakta Musyimi alizima projekta. "Wazee na akina mama, tumewakosea. Hatuna jibu la kuwapa leo. Mwenye uwezo wa kulisha, alishe."

Safari ya kurudi, Yurub alikaa mbele, kitabu chake mapajani, mpaka walipoona geti la chuo. "Miaka miwili," alisema bila kugeuka. "Baba yangu huuliza kila wiki nitamaliza lini. Nyuki uliwaonea huruma. Na mimi, Kasyoki?" Hakumwita mama.

Dakta alitaka kumfukuza. Yurub ndiye aliyekataa. Utafiti ungerudiwa tangu mwanzo, alisema, na mizinga nyekundu ataipima yeye yule aliyeiharibu, aandike kila atakachokiona.

Kwa hiyo Agosti ilimkuta Kasyoki chini ya migunga ileile, mikono mitupu. Aliwazoa watoto weupe kwa ufagio, akawahesabu, akaandika. Mzinga wa pili ulihama siku ya Alhamisi. Wa tano haukuwa na nguvu hata za kuhama. Jumatatu alitega sikio kwenye mbao zake na hakusikia chochote, wala mtikisiko.

Yurub alikuwa hatua chache tu, akiwa amebeba chupa za sukari za mizinga ya buluu. Alizishusha chini, akangoja.

Kasyoki alizitazama zile chupa. Akaanza kuinama apige magoti, kwa mazoea.

"Andika kwanza," Yurub alisema.

Akaandika: *Nyekundu ya tano. Kimya. Wamekufa wote.* Akatia tarehe, akatia sahihi. Kisha akapiga magoti kando ya mzinga, na safari hii hakuomba ruhusa ya kitu.